Hapa Hapakatwi: Historia ya Misitu ya Koo Milimani Upare

Mwaka 1893 Wajerumani walianza kupanda Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam. Miaka mitano baadaye Waingereza wakaanzisha ya kwao Entebbe, kando ya Ziwa Viktoria, mji uliokuwa makao ya serikali ya kikoloni ya Uganda. Zanzibar, mwaka 1899, Sultani Hamoud bin Mohammed aliwapa wakazi wa mji bustani iliyoitwa kwa jina la Malkia Victoria. Mwaka 1902 ikaja Amani, katika Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walikusanya miti kutoka mabara yote ya joto na kuipanda kwenye shamba la majaribio ambalo halikuwa na mfano barani Afrika. Anayesoma historia hii peke yake atadhani kwamba kutenga eneo la kijani kwa faida ya jamii nzima ni jambo lililokuja na meli. Ng'ambo ya bonde la Mkomazi, mkabala na Usambara, Wapare walikuwa wametenga ya kwao vizazi vingi kabla ya meli hizo kutia nanga.

Maeneo hayo hayakuwa na lango, njia ya changarawe wala maua yaliyopangwa kwa mistari. Yalikuwa vipande vya msitu mnene katikati ya mashamba na makazi, vingine vidogo kiasi kwamba mtu huvizunguka kwa muda mfupi, na kila kimoja kilikuwa na wenyewe, masharti yake na sababu ya kuachwa. Mgeni angepita kando akaona kichaka tu. Mwenyeji alijua hapo ni mahali, tena mahali penye jina.

Milima ya Upare imenyooka kutoka kaskazini kwenda kusini kati ya Kilimanjaro na Usambara, na ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mlolongo unaoanzia Taita nchini Kenya hadi kusini mwa Tanzania. Upande wa kaskazini ndiko Ugweno na Usangi, leo Wilaya ya Mwanga. Upande wa kusini, katika Wilaya ya Same, mlima unapanda hadi kilele cha Shengena chenye zaidi ya mita 2,400. Chini yake kuna nyika. Mji wa Same wenyewe umekaa kwenye ukavu, mahali ambapo mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 600, wakati juu kidogo, Mbaga, Chome, Vudee, Mamba na Myamba, ukungu hutanda na migomba hustawi. Tofauti hiyo ya maji, ndani ya mwendo wa saa chache tu kwa mguu, ndiyo ufunguo wa historia yote inayofuata. Aliyekaa mlimani alijua kwamba maji yake yanatoka msituni, na kwamba nyika ipo karibu sana.

Misitu iliyotengwa ilikuwa ya aina kuu mbili. Ya kwanza ni mpungi, msitu wa ukoo. Hapo ndipo yalipohifadhiwa mafuvu ya wahenga, ndipo wazee walipokwenda kutambika ukame ulipozidi au maradhi yalipoingia, na ndipo ukoo ulipojieleza kwa majirani kwamba sisi tupo hapa tangu enzi za fulani na fulani. Katika mpungi hapakatwi mti. Aliyevunja mwiko alitozwa mnyama wa kuchinjwa na pombe, na katika nchi hii pombe ya heshima ilikuwa dengelua, ile ya miwa. Adhabu ililipwa mbele ya watu, ikaliwa na kunywewa na watu, kwa hiyo kila aliyekuwapo aliondoka akiwa shahidi wa sheria. Serikali nyingi zilizofuata zilitoza faini kubwa kuliko hiyo, zikaifungia risiti kwenye kabati, na wala hazikupata utii wa namna hiyo.

Aina ya pili ni mshitu, msitu wa jando. Vijana walipelekwa humo, wakakaa wakifundishwa sheria za jamii, nasaba za koo, wajibu wa mtu mzima na siri ambazo hazikutoka nje ya miti ile. Asiyepitia mshitu hakuhesabiwa kuwa mtu kamili, hata awe na mvi. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare aliyekusanya simulizi za wazee na kuchapisha historia ya kisiasa ya Wapare mwaka 1969, alieleza jinsi msitu huu ulivyokuwa nguzo ya utawala. Katika Ugweno, mamlaka yalikuwa mikononi mwa Washana, ukoo wa wahunzi. Kisha Wasuya, wakiongozwa na Angovi na mwanawe Mranga, wakawapindua, kwa makadirio ya Kimambo katika karne ya 16. Mranga hakutegemea mkuki peke yake. Aliuchukua mshitu, akaufanya wa nchi nzima, ili vijana wa koo mbalimbali wapite mahali pamoja na watoke wakiwa na mtawala mmoja. Kwa hiyo kipande cha msitu kilijenga dola.

Ni vizuri kulisema hili wazi, maana siku hizi misitu ya jadi husifiwa kana kwamba ilikuwa mali ya kila mtu na haikumwonea yeyote. Haikuwa hivyo. Mshitu ulimfungia mlango mwanamke na asiyefundwa. Mpungi wa ukoo mmoja ulikuwa pia alama ya mpaka dhidi ya ukoo mwingine, na mgeni aliyehamia alilazimika kujua nafasi yake. Wala si kweli kwamba mhenga wa Upare hakukata miti. Washana walifua chuma, na jembe na mkuki wa Ugweno viliwafikia Wachaga wa Kilimanjaro. Tanuri la chuma hula mkaa mwingi, na mkaa hutoka mtini. Mlima ulikatwa, ukalimwa, ukalishwa. Ndiyo sababu vipande vilivyoachwa vina maana kubwa: viliachwa na watu waliojua kabisa thamani ya kuni na ya shamba jipya, wakaamua, mwaka baada ya mwaka, kwamba hapa hatugusi.

Kusini hapakuwa na dola moja kama Ugweno. Huku mamlaka yaligawanyika kati ya koo na vitongoji vya mlimani, na kilichowapa watawala heshima kilikuwa mvua. Wambaga walijulikana mbali kama wavuta mvua, na watu wa nyikani na hata wa nje ya Upare waliwategemea. Mtu wa leo anaweza kucheka habari za mvua kuitwa kwa tambiko, lakini asisahau mahali tambiko lilipofanyika. Mtawala aliyedai kwamba anamiliki mvua alilazimika kuulinda msitu alikoitia. Heshima yake na miti ile vilisimama pamoja.

Pamoja na misitu kulikuwa na ndiva, na hapa ndipo Upare Kusini inapostahili kusomwa kwa makini kuliko bustani yoyote ya mjini. Ndiva ni bwawa dogo lililochimbwa kwenye mteremko, juu ya mashamba. Kijito cha mlimani huelekezwa humo jioni, bwawa likajaa usiku kucha, na asubuhi likafunguliwa ili maji yashuke kwa nguvu kwenye mifereji. Maji ya kijito chembamba, yakiachwa yatiririke yenyewe, hunywewa na udongo kabla ya kufika shamba la mwisho. Yakikusanywa kwanza, hufika. Huo ni uhandisi wa watu waliotazama mteremko wao kwa muda mrefu. Zamu za maji zilipangwa, na wa juu hakuruhusiwa kumsahau wa chini. Tope lilipojaa, mbiu ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja, ilipigwa na kila kaya ikatoa mtu na jembe. Asiyetokea alitozwa. Na juu ya ndiva, kwenye chemchemi, mara nyingi ndipo palipokuwa na miti isiyokatwa. Msitu, chemchemi, bwawa, mfereji na shamba vilikuwa chini ya utaratibu mmoja, na watu walewale waliotambika juu walichimba tope chini. Mipaka ilisimikwa kwa masale, mmea ule wenye majani marefu ambao katika milima ya Upare na Kilimanjaro huoteshwa kama uzio, hupandwa makaburini na hutumiwa kuombea msamaha. Kung'oa isale la mpaka kulikuwa kosa zito.

Karne ya 19 ilileta misafara ya pwani, iliyopita chini ya milima kwenda na kutoka Kilimanjaro, na pamoja nayo bunduki na biashara ya watu. Kutoka Mazinde, upande wa Usambara, mtawala Semboja aliitikisa nyika yote. Wengi walipanda juu zaidi, na misitu ikawa maficho. Kisha wakaja Wajerumani na karatasi.

Amri ya ardhi ya mwaka 1895 ilitangaza kwamba ardhi yote ya koloni isiyo na mtu ni mali ya taji. Ilipofika 1904 ikaongezwa amri ya kulinda misitu. Kwa macho ya ofisa aliyetoka Berlin, msitu usio na nyumba wala shamba ni msitu usio na mwenyewe. Hakuna lililobadilisha historia ya maeneo ya kijani ya Upare zaidi kuliko fikra hiyo. Mpungi ulikuwa na mwenyewe kwa sababu hapakuwa na nyumba wala shamba ndani yake. Lile lililokuwa hati ya umiliki kwa Wapare likawa, kwa Wajerumani, ushahidi kwamba ardhi haina mtu.

Wamisionari waliingia wakati huohuo. Waadventista walifika Giti, Mamba, mwaka 1903, jirani kabisa na Myamba, na Walutheri wa Leipzig wakajenga Mbaga na kwingineko. Walileta shule, tiba na kusoma, na Upare imekuwa na wasomi wengi tangu hapo. Walileta pia mafundisho kwamba mpungi ni makao ya mizimu inayopaswa kuachwa. Mlutheri Jakob Dannholz, aliyeishi Mbaga, aliandika kwa kirefu juu ya imani za Wapare, na maandishi yake yametufikishia mengi ambayo yangepotea. Lakini kijana aliyebatizwa hakuwa tena na sababu ya kuogopa msitu. Kwa mara ya kwanza, mtu aliweza kusimama kando ya mti wa wahenga akiwa na shoka mkononi na dhamiri yake isimsute.

Huko nyikani mambo yalikwenda kasi. Mkonge, uliofikishwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf kwa miche michache iliyosalimika safari ya kutoka Florida, ulitanda kwenye tambarare. Reli ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 ikipitia chini ya milima, na Same ikakua kuwa mji kando yake. Wanaume wa mlimani wakashuka kutafuta fedha ya kodi.

Tuitazame tena Amani. Bustani ile ilikuwa kazi kubwa ya elimu na isidharauliwe. Baada ya Waingereza kuichukua, wataalamu wake walitafiti ugonjwa wa batobato wa mihogo na kuzalisha mbegu zenye kuustahimili, na faida yake ilifika mbali. Lakini katika mwaka 1913 hivi mti uitwao kitaalamu Maesopsis eminii, wenye asili ya upande wa Ziwa Viktoria na misitu ya magharibi yake, ulipandwa pale. Hondohondo wakapenda matunda yake, wakatawanya mbegu, na mti ukaingia msitu wa asili wa Usambara popote palipokuwa pamekatwa magogo. Umekuwa shida ya wahifadhi kwa miongo mingi. Bustani iliyoanzishwa na wataalamu ilivuka uzio wake. Mpungi, ambao haukuwa na mtaalamu wala uzio, ulibaki na miti yake ya asili kwa karne nyingi.

Enzi za Waingereza zilikuja na mtindo wa kutawala kupitia watemi. Mwaka 1943 mabaraza ya watemi wa Upare yalitangaza kodi mpya, mbiru, iliyopimwa kwa mali ya mtu. Watu wakakataa. Januari 1945 maelfu walishuka kutoka milimani hadi Same, wakakaa mbele ya serikali bila fujo na bila kurudi makwao, na mgogoro ukaendelea hadi kodi ile ikafutwa mwaka 1947. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Paulo Mashambo, Mwadventista kutoka Upare Kusini. Naitaja habari hii hapa kwa sababu moja. Watu waliozoea kuitwa kwa mbiu, kila kaya ikatoa mtu, kila mtu akaleta chakula chake na kukaa hadi kazi iishe, walikuwa wamefanya mazoezi ya mgomo ule kwenye mitaro ya ndiva zao. Mtemi aliyewaandikia kodi aliyeyusha heshima yake mwenyewe, na heshima hiyo ndiyo iliyokuwa imebakia kulinda misitu.

Mwaka 1951 mipaka ilichorwa mara mbili. Juu, Msitu wa Chome unaozunguka Shengena ukatangazwa hifadhi ya serikali. Chini, Mkomazi ikawa pori la akiba. Chome ulistahili kulindwa: una miti mikubwa ya mkulo na vijito vinavyonywesha vijiji vya pande zote, na katika miaka ya 1930 Reginald Moreau wa Amani na mwenzake Sclater walikuwa wamemtangaza kwa wataalamu ndege mdogo wa Shengena, mwenye duara jeupe machoni, wakampa jina la Winifred, mke wa Moreau. Ndege huyo hapatikani popote isipokuwa Upare Kusini. Lakini hifadhi ya serikali ililinda msitu mkubwa na kuiacha mingi ya ile midogo ya koo bila jina kwenye ramani.

Uhuru ulipokuja, serikali ya Tanganyika ilifuta utemi mwaka 1963. Lilikuwa jambo la haki kwa nchi iliyotaka raia walio sawa, nami sioni kwamba tungepaswa kuurudisha. Ila hakuna aliyekabidhiwa rasmi kazi za mtemi na mzee wa ukoo zilizohusu miti. Miaka ya Ujamaa iliongeza mkanganyiko: ardhi ikawa ya umma, na cha umma kikaeleweka na wengi kuwa hakina wa kukigombea. Baadhi ya misitu ya mpungi na mshitu ilikatwa kupata mbao, nyingine kupata eneo la shule au shamba. Ujenzi wa shule si uhalifu. Ila kijiji kilichohitaji darasa kilichukua ardhi pekee ambayo mtu mmoja asingeidai, na hiyo ilikuwa ardhi ya wote. Katika miaka ya 1980 kampeni ya Misitu ni Mali ilihimiza kupanda, na mikaratusi na migrevilea ikapandwa kwa bidii. Mgrevilea umewafaa wengi. Mkaratusi uliopandwa karibu na chemchemi umezikausha baadhi, na wazee wa mlimani hawakuhitaji utafiti kulijua hilo.

Chome sasa ni Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Hata hivyo mikulo yake imeendelea kuwindwa na wapasua mbao, na uchimbaji wa bauksiti ulipoingia Shengena, ukalalamikiwa na wananchi hadi bungeni, ilidhihirika kuwa cheo cha hifadhi peke yake hakimzuii mwenye lori.

Myamba leo inajulikana kwa tangawizi. Bei ya kahawa ilipoyumba, wakulima wengi wa upande huu wa Same Mashariki walihamia zao hilo, wakaunda chama cha ushirika cha Mamba Myamba na kupata kiwanda cha kusindika, kwa msukumo mkubwa wa Anne Kilango Malecela akiwa mbunge wao. Tangawizi inataka udongo mlaini wenye rutuba na maji ya uhakika. Inalimwa kwa kufukua, na mteremko uliofukuliwa, mvua ya masika ikiukuta wazi, hupeleka udongo wake kwenye mfereji na ndiva. Kwa hiyo zao lililowainua watu linategemea utaratibu uleule wa zamani: miti ya chemchemi, tope kuzolewa kwa wakati, wa juu kumkumbuka wa chini. Mji wa Same umepata njia nyingine. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaovuta maji kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu. Mlimani hakuna bomba la namna hiyo la kuokoa mashamba.

Sheria ya kuilinda misitu ya jadi ipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, na kundi la watu ndani ya kijiji, ukoo ukiwamo, kusimamia msitu wao kwa sheria ndogo wanazozitunga wenyewe. Kinyume cha amri ya 1895, hapa dola imekubali kwa maandishi kwamba msitu usio na nyumba unaweza kuwa na mwenyewe. Kinachotakiwa ni mkutano mkuu wa kijiji, mipaka iliyopimwa, mpango wa usimamizi na muhtasari uliosainiwa. Kazi hiyo inawataka wazee wanaozijua bado chemchemi na mipaka ya masale, na inamtaka mwanamke anayechota maji awepo kikaoni, jambo ambalo mshitu haukumruhusu. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na vijana wenye simu za kupimia mipaka wengi wapo Dar es Salaam na Arusha, wanarudi Desemba. Wiki mbili za Desemba, watu wote wakiwa nyumbani, zinatosha kuzunguka misitu ya kijiji kizima na kuiandika kwa majina.